Kabla Mbwa Dume Hajahasiwa

Mwenye mbwa wa ulinzi anapompeleka dume wake kwa daktari wa mifugo ili ahasiwe, swali la kwanza huwa lilelile, iwe Nairobi, Arusha au Dar es Salaam: "Daktari, akishatolewa, bado atabweka?" Ninalielewa swali hilo. Nyumba nyingi hulala usingizi kwa sababu ya mbwa mmoja aliye macho, na mlinzi aliyenyamaza ni hasara. Lakini jibu lake ni jepesi: atabweka. Magumu yako kwingine na mara nyingi hayaulizwi. Mbwa huyu ana umri gani? Akikomaa atakuwa na ukubwa gani? Damu yake ikoje leo? Na ni tabia gani hasa inayotakiwa ibadilike? Kwa maoni yangu, madhara mengi ya kuhasi huamuliwa na majibu ya maswali haya kabla kisu hakijagusa ngozi.

Upasuaji wenyewe hauna utata mkubwa. Daktari hupasua ngozi mbele kidogo ya mfuko wa korodani, husukuma korodani moja baada ya nyingine hadi kwenye mpasuo, hufunga kwa uzi kamba yenye mishipa ya damu na mrija wa mbegu, hukata, kisha hushona. Kwa mkono uliozoea, kazi hiyo haifiki nusu saa. Ya jike ni nzito zaidi kwa sababu lazima tumbo lifunguliwe. Wepesi wa upasuaji wa dume umewadanganya wengi, na bado wapo wanaomhasi mbwa kwa wembe bila ganzi, au kwa burdizo, lile koleo la kubania mishipa ya ndama. Burdizo ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao korodani zao hulegea mbali na mwili. Za mbwa zimekaa karibu na mwili, na kuzibana hivyo ni kumwumiza mnyama na kumwachia jeraha ambalo halina uhakika hata wa kumfanya asizalishe. Huo ni ukatili, na sitaurudia katika hesabu ya hatari hapa chini, kwa kuwa ninachochambua ni upasuaji wa daktari.

Hatari ya kifo iko zaidi upande wa nusukaputi. Utafiti mkubwa ulioongozwa na David Brodbelt katika kliniki za Uingereza, uliochapishwa mwaka 2008, ulifuatilia mbwa zaidi ya 98,000 waliolazwa kwa dawa au kutulizwa kwa ajili ya tiba mbalimbali. Waliokufa kwa sababu hiyo ndani ya saa 48 walikuwa asilimia 0.17. Kwa mbwa wenye afya nzuri kiwango kilishuka hadi asilimia 0.05, yaani mmoja katika kila 2,000 hivi. Kwa wagonjwa kilipanda hadi asilimia 1.33. Karibu nusu ya vifo hivyo vya mbwa vilitokea baada ya upasuaji kumalizika, vingi vyake ndani ya saa 3 za kwanza. Huo ndio wakati ambapo huku kwetu mbwa huwa tayari amelazwa nyuma ya gari, kichwa kimepinda na hakuna anayemwangalia kama anapumua vizuri. Ningekuwa na neno moja tu la kumwambia mwenye mbwa siku ya upasuaji, lingekuwa hili: usikubali kumchukua kabla hajaweza kuinua kichwa, kukutambua na kusimama, hata kama kliniki inataka kufunga.

Takwimu hizo, hata hivyo, ni za Uingereza, na mbwa wa Uingereza haishi na kupe wetu. Yule kupe wa kahawia anayejificha kwenye nyufa za banda hueneza vimelea viitwavyo Ehrlichia canis, na kupe wengine huleta babesia. Babesia huvunja chembe nyekundu za damu na kumwacha mbwa bila damu ya kutosha. Ehrlichia humaliza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na ubaya wake ni kwamba huweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili za wazi. Mbwa anakula, anabweka, anakimbilia geti, kisha siku ya kuhasiwa damu inagoma kukata. Hapo daktari anaweza kuwa amefunga mishipa yake barabara, na bado kila tundu la sindano linavuja. Ndiyo maana siwezi kuvumilia mazoea ya kumpokea mbwa asubuhi, kumchoma sindano na kumpasua bila kumpima chochote. Kipimo cha wingi wa damu na chembe sahani hugharimu fedha, lakini ni kidogo kuliko gharama ya kumwongezea mbwa damu usiku wa manane, huduma ambayo kliniki nyingi hazina kabisa. Pale pasipo mashine, tone la damu kwenye kioo cha darubini na ufizi uliopauka humweleza daktari makini mambo mengi. Mbwa akikutwa na ugonjwa wa kupe, hutibiwa kwanza, kwa kawaida kwa doksisaiklini ya takriban wiki 4, na kuhasiwa kusubiri. Hakuna dharura katika kuhasi mbwa mzima.

Baada ya siku ya kwanza, matatizo yanayoonekana sana ni ya mfuko wa korodani ulioachwa mtupu. Uvimbe kidogo ni wa kawaida. Mfuko ukijaa na kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa na korodani zake, ukageuka wa zambarau na kuwa na joto, damu inavujia ndani, na hiyo hutokea zaidi kwa mbwa wakubwa waliokwishakomaa, wenye mishipa minene, na kwa wale walioruhusiwa kukimbia mapema. Mara chache zaidi, uzi uliofunga kamba ya korodani huteleza. Kisiki cha kamba hurudi ndani kupitia kwenye kinena na damu humwagikia tumboni, mahali ambapo mwenye mbwa haoni tone hata moja. Dalili zake ni mbwa kulegea, ufizi kuwa mweupe, moyo kwenda mbio na tumbo kujaa. Huyo arudishwe mezani saa hiyohiyo.

Usaha na mshono kufumuka husababishwa mno na ulimi wa mbwa mwenyewe. Ule usemi kwamba mate ya mbwa ni dawa umewaponza wengi: ulimi unakwaruza, meno yanang'oa nyuzi, na vijidudu vya kinywani vinaingia kwenye kidonda kibichi. Kola ya plastiki shingoni kwa siku 10 hadi 14 inamuudhi mbwa na kuwachekesha watoto, lakini inazuia kurudia upasuaji. Banda likiwa chafu, inzi hutaga mayai kwenye jeraha na mabuu hutokea ndani ya siku chache. Jambo jingine linalofanyika kwa nia njema na kuleta madhara ni kumpa mbwa vidonge vya maumivu vya binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki, zilizo katika kila droo ya nyumbani, humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake. Aombewe dawa ya maumivu kwa daktari, kwa kipimo cha uzito wake. Tena isisahaulike kwamba mbegu zilizobaki kwenye mirija huweza kutungisha mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo dume aliyehasiwa jana asiachwe na jike aliye kwenye joto.

Hayo yote hupita katika wiki chache. Suala linalonisumbua mimi zaidi ni la miaka, na linahusu mifupa.

Wafugaji wetu wanalijua kwa ng'ombe: ndama aliyehasiwa mapema hukua mrefu wa miguu kuliko fahali. Sababu ni kwamba homoni za korodani, pamoja na kazi zake nyingine, ndizo zinazoiambia mifupa mirefu iache kurefuka. Kwenye ncha za mifupa hiyo kuna tabaka la gegedu linaloongezeka katika ujana, na homoni zinapopanda tabaka hilo hugeuka mfupa mgumu na ukuaji kukoma. Ukizitoa homoni mbwa akiwa na miezi 5 au 6, gegedu hukaa wazi kwa muda mrefu zaidi. Mifupa mingine inakuwa imeshafunga, mingine inaendelea kurefuka, na uwiano wa viungo hubadilika kidogo. Kwa mbwa mdogo badiliko hilo halina uzito. Kwa mbwa wa kilo 35 au 40 anayeruka geti kila jioni, pembe ya goti iliyobadilika kidogo hubebeshwa mzigo mkubwa kila siku.

Benjamin Hart na Lynette Hart wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipekua majalada ya hospitali ya wanyama ya chuo hicho. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya Golden Retriever 759. Miongoni mwa madume waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja, asilimia 10 hivi walikuwa na nyonga zisizokaa sawasawa, mara mbili ya wale ambao hawakuhasiwa. Kukatika kwa kano ya ndani ya goti hakukuonekana kwa dume hata mmoja asiyehasiwa. Kwa waliohasiwa mapema kulifika asilimia 5. Mwaka 2016 walifuata German Shepherd, na hapa ndipo habari inapoingia kwenye nyua zetu, maana hakuna mbwa wa kizungu anayelinda nyumba za Afrika Mashariki kwa wingi kama yeye. Madume ambao hawakuhasiwa walikuwa na tatizo moja au zaidi la viungo kwa asilimia 7. Waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka walikuwa asilimia 21.

Lazima nieleze pia mipaka ya takwimu hizo. Zinatoka hospitali ya chuo, ambako huletwa mbwa wagonjwa kuliko wale wa kawaida wa mtaani, na wenye mbwa wanaohasi mapema huenda ndio haohao wanaogharamia vipimo vya nyonga, kwa hiyo ugonjwa hugunduliwa zaidi kwao. Tena ukubwa peke yake hauelezi kila kitu. Uchunguzi wao wa aina 35 za mbwa, uliotoka mwaka 2020, haukuona ongezeko la matatizo ya viungo kwa Great Dane, ambaye ni jitu kuliko German Shepherd. Kwa mbwa wadogo hatari hiyo haikuonekana. Kwa chotara, mstari ulipita karibu na kilo 20 za utu uzima. Hata nikipunguza kila nilichotaja, hoja inabaki imesimama: German Shepherd dume kuhasiwa akiwa na miezi 6, kama inavyofanywa kwa mazoea, ni kumwekea rehani magoti yake. Mwongozo wa chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, AAHA, wa mwaka 2019, unashauri dume ambaye hatazidi kilo 20 ahasiwe karibu na miezi 6, na mkubwa asubiriwe amalize kukua, kati ya miezi 9 na 15. Akina Hart wanasogeza mbele zaidi kwa German Shepherd, hadi apite miaka 2. Mbwa wetu wa kienyeji, ambaye mara nyingi hukaa chini ya kilo 20, hayumo sana katika hofu hii.

Upande wa saratani hesabu ni ngumu zaidi, na anayesema kwa mkato kwamba kuhasi kunazuia saratani, au kunaleta saratani, anasema nusu ya habari. Saratani ya korodani huondoka pamoja na korodani. Vivimbe vinavyoota karibu na mkundu kwa kulishwa na testosteroni hupungua sana. Tezi dume, ambayo kwa madume wasiohasiwa huvimba kadiri umri unavyokwenda, wengi wao kuanzia miaka 5 hivi, hunywea wiki chache baada ya kuhasiwa. Mbwa aliyekuwa akidondosha damu na kujikamua kwenda haja hupata nafuu ya wazi. Hapo kuhasi ni tiba kamili. Lakini saratani halisi ya tezi dume, ambayo ni nadra na ni mbaya, huonekana zaidi kwa waliohasiwa, kinyume na wengi wanavyotarajia. Katika utafiti wa Rottweiler 683 uliochapishwa mwaka 2002 na Dawn Cooley na wenzake, waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walikuwa na uwezekano wa takriban mmoja kati ya wanne wa kupata saratani ya mifupa maishani mwao, juu kuliko wale waliobaki na homoni zao. Rottweiler ana mkosi huo wa mifupa katika ukoo wake, na mtu asiyapeleke matokeo hayo kwa kila mbwa. Anayefuga Rottweiler, kwa upande wake, ana kila sababu ya kusubiri.

Unene hauhitaji maneno mengi, kwa kuwa ndilo tatizo la kawaida kuliko yote na ndilo rahisi kuzuia. Ndafu hunona kwa sababu amehasiwa, na mbwa ni vivyo hivyo: mahitaji yake ya chakula hushuka, hata kwa robo, huku hamu ya kula ikipanda. Ugali na mabaki yakibaki katika sufuria ileile, mbwa hujaa ndani ya miezi michache, na unene humalizia magoti ambayo kuhasiwa mapema kulianza kuyadhoofisha. Kupunguza chakula kuanze mara kidonda kinapopona, wala si baada ya mbavu kupotea.

Turudi kwa tabia, maana ndiyo inayowaleta watu wengi. Kuhasi hupunguza vizuri yale yanayosukumwa na testosteroni: kuzurura akimfuata jike, kupanda mbwa wengine na miguu ya wageni, kukojolea kila kona, na ugomvi kati ya madume. Hakuondoi kulinda. Mbwa hulinda kwa sababu ya kuzaliwa kwake, mafunzo yake na mapenzi yake kwa mahali pake, na maksai hajawahi kusahau zizi lake. Hatari ya kweli ni pale mbwa anapohasiwa ili kutibu ukali unaotokana na woga. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa tangu utotoni, akapigwa na kurushiwa mawe, huuma kwa kuwa anaogopa. Testosteroni humpa mbwa kiasi fulani cha kujiamini, na kumwondolea mbwa mwoga kile kidogo alicho nacho kunaweza kumzidishia hofu. Utafiti ulioongozwa na Paul McGreevy, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba madume waliokaa na homoni zao kwa muda mfupi walielekea kuonyesha dalili nyingi zaidi za woga. Tafiti za namna hii hazithibitishi chanzo, kwani mbwa msumbufu huenda alihasiwa mapema kwa usumbufu wake. Hata hivyo, ningemshauri yeyote mwenye mbwa mwoga anayeuma aanze na mnyororo na mafunzo, na kisu kikae kando.

Nikiishia hapa nitakuwa nimempotosha msomaji, kwa sababu kutokuhasi nako kuna hatari zake. Dume mzima anayepanda ukuta kufuata harufu ya jike hugongwa na magari, hurudi na majeraha ya meno, na hukutana na kichaa cha mbwa. Kwetu kuna pia ule uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kujamiiana, unaoota uumeni na kutoka damu kwa matone. Unatibika kwa sindano za vinkristini za kila wiki, lakini wengi huletwa wakiwa wamechelewa. Jessica Hoffman na wenzake walipitia kumbukumbu za zaidi ya mbwa 40,000 waliokufa katika hospitali za vyuo vya Amerika Kaskazini. Waliohasiwa walikuwa wameishi wastani wa miaka 9.4, wasiohasiwa 7.9. Waliohasiwa walikufa zaidi kwa saratani na maradhi ya kinga ya mwili; wengine walikufa zaidi kwa ajali na maambukizi. Sehemu ya tofauti hiyo inaeleweka kwa urahisi: anayeishi zaidi hufikia umri wa saratani. Na anayehasi mbwa wake aghalabu ndiye anayemchanja. Norway, ambako mbwa hutembezwa kwa kamba na mbwa koko hawapo, sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2009 hairuhusu kuhasi bila sababu ya msingi. Msimamo huo unawezekana pale ambapo kila mbwa ana mtu na kila ukuta una geti linalofungwa.

Yuko dume mmoja ambaye simsubirishi. Ni yule ambaye korodani yake moja haikushuka, imebaki tumboni au kwenye kinena. Joto la mwili huifanya korodani hiyo iwe na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani, na huweza kujinyonga kwa kujisokota. Upasuaji wake ni mrefu zaidi, na kosa kubwa ni kutoa ile inayoonekana na kuiacha iliyofichika. Mbwa wa namna hiyo huonekana amehasiwa huku mwili wake ukiendelea kutengeneza homoni, na uvimbe ukikua pasipoonekana.

Njia nyingine zipo. Kipandikizi cha desloreleni chini ya ngozi huzima korodani kwa miezi 6 au 12 kutegemea kipimo, kisha homoni hurejea. Hufaa kwa mtu anayetaka kuona tabia ya mbwa bila testosteroni kabla ya kufanya lisilorudishika, ingawa katika wiki za kwanza homoni hupanda kabla ya kushuka. Kukata mirija ya mbegu peke yake huzuia mimba na kuacha homoni, hivyo mifupa inanufaika, lakini kuzurura kunabaki palepale. Sindano ya zinki ndani ya korodani ilijaribiwa katika kisiwa cha Isabela, Galápagos, na kulinganishwa na upasuaji: mbwa 4 kati ya 103 waliochomwa walioza ngozi na nyama mahali pa sindano, na ilibidi wapasuliwe. Sindano ilionekana njia rahisi kwa kampeni za vijijini, na kwa wengi ilikwenda salama, lakini inahitaji mkono uliofundishwa na mtu wa kurudi kuangalia baada ya siku kadhaa.

Na hilo la kurudi kuangalia ndilo linalobadilisha hesabu yote kwa mbwa wa mtaani. Kwake hakuna kola, hakuna banda safi, hakuna wa kumletea dawa jioni. Kwa hiyo timu za kampeni hutumia nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, zikafichwa chini ya ngozi, hupasua sehemu ndogo, humchanja kichaa cha mbwa akiwa bado amelala, na hukata alama ndogo sikioni ili asipasuliwe tena mwaka ujao. Kwa mbwa huyo kusubiri miaka 2 hakuna maana, kwani wengi wao hawafiki huko. Kampeni hizi zina udhaifu mmoja ambao wafadhili hawapendi kuusikia: madume ndio rahisi kukamatwa na ndio wa bei nafuu kupasuliwa, kwa hiyo ripoti hujaa idadi yao. Lakini dume mmoja aliyebaki mzima anatosha kwa majike wa mtaa mzima. Kijiji kinaweza kuhasi madume 9 kati ya 10, na msimu unaofuata watoto wa mbwa wakawa ni walewale chini ya vibanda vya soko, kwa kuwa jike aliyejificha siku ya kampeni bado anazaa.